Picha Linaanza Kibaha

Mwishoni mwa Julai 2018 Kisarawe ilipata mkuu wa wilaya ambaye wakazi wengi walikuwa wamekwisha kumwona kabla hajaripoti kazini. Jokate Mwegelo aling'ara katika Miss Tanzania ya 2006, mwaka ambao taji lilichukuliwa na Wema Sepetu, halafu akaingia kwenye filamu. Mwaka 2011 alionekana ndani ya Chumo, kisa cha mapenzi na malaria kilichoongozwa na Jordan Riber. Kisarawe alikuja na kampeni aliyoiita Tokomeza Zero, ya kuwaondolea watoto wa kidato cha nne ile aibu ya divisheni ziro, na wilayani ipo sekondari ya wasichana yenye jina lake.

Siku zile, kwenye daladala za Gongo la Mboto, swali lilikuwa moja: mcheza filamu ataiweza wilaya? Kila nilipolisikia nilitamani mzee mmoja wa kiti cha mbele ageuke awakumbushe abiria kwamba waziri mkuu wa pili wa Tanganyika alikuwa mcheza filamu.

Kabla ya siasa, kabla ya kuitwa Simba wa Vita, Rashidi Mfaume Kawawa alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni katika shughuli za maendeleo ya jamii. Alizunguka na kampeni ya kufuta ujinga, na alikabidhiwa gari la sinema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya African Film Productions ya Afrika Kusini ilishirikiana na serikali kutengeneza filamu za Kiswahili hapa Tanganyika, waigizaji wakiwa Waafrika watupu. Zikatoka Chalo Amerudi, Dawa ya Mapenzi na nyingine. Ya Kawawa inayotajwa zaidi ni Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, kisa cha mtu wa shamba aliyeingia Dar es Salaam na mji ukamwonyesha meno. Miaka 10 baadaye, Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu ili akakijenge chama, steringi yule yule akawa Waziri Mkuu.

Jina la filamu ile halikuhitaji mkalimani Kisarawe. Mzaramo anaujua muhogo mchungu tangu angali mgongoni mwa mama yake. Mgeni akiuona shambani ataudhania ni ule mtamu wa kutafuna, na akiutafuna mbichi utamdhuru. Mwenyeji huumenya, akaupasua, akauanika juani siku kadhaa hadi ukauke uwe makopa meupe, yale ambayo ukiyakusanya kwenye ungo yanagongana kama vigae. Hapo ndipo hutwangwa yakawa unga. Mtu aliyekulia kwenye kazi hiyo, ukimwambia mji ni muhogo mchungu, umemaliza. Anajua kwamba mji una namna yake ya kuandaliwa kabla haujaingia kinywani, na kwamba yule kijana wa kwenye picha amekurupuka.

Gari la sinema lenyewe lilikuwa kongwe kuliko kazi ya Kawawa. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Major L. A. Notcutt na wenzake waliendesha jaribio lililogharimiwa kwa sehemu kubwa na mfuko wa Carnegie wa Marekani, la kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika mambo kama kuweka akiba posta, kulipa kodi na kujikinga na safura. Picha zilikuwa bubu. Maneno yalirekodiwa kando, kwenye sahani za santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine za eneo hili, na lori likabeba mashine, jenereta na kitambaa cheupe kutoka kijiji hadi kijiji. Wakubwa wa zama zile walikuwa na dhana ya dharau, kwamba Mwafrika haelewi picha ikienda haraka. Dhana hiyo imekufa na haifai kufukuliwa. Kilichobaki na kikanigusa ni ule mpangilio: picha huku, Kiswahili kule, na mtu katikati anayeviunganisha. Kwa watu wa Kibaha na Kisarawe, sinema imeishi hivyo kwa karibu miaka 90, na naamini ndiyo sababu mastaa wa zamani hawajaondoka huku kwetu.

Tuanze na umbali. Majumba yenye viti na tiketi yalikuwa mjini: Empire, Avalon, Empress, Odeon, Cameo, New Chox, na kuanzia 1966 ile Drive-In ya Msasani ambako watu walitazama wakiwa ndani ya magari yao. Mahali pale leo upo Ubalozi wa Marekani. Kisarawe iko kiasi cha kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, Kibaha kiasi cha 40. Kwa miguu ni mbali, na kwa nauli ya mkulima wa korosho ni mbali vile vile. Basi alikwenda mmoja kwa niaba ya wengi. Alipeleka matunda au kuku sokoni, akabakiza senti za kiti cha mbele kabisa, akalala kwa ndugu Ilala, kesho yake akarudi na mzigo ambao kijiji kizima kilikuwa kinaudai.

Mzigo ule ulishushwa jioni. Zamani hadithi zetu zilifunguliwa kwa Paukwa, watu wakaitikia Pakawa. Msimuliaji wa sinema alifungua kwa maneno yake mwenyewe: picha linaanza. Watu wakasogea. Maneno hayo yameshika hadi leo hata pale pasipo na picha yoyote. Mtu akitaka kukueleza jinsi alivyogombana na mwenye nyumba wake atakwambia, "Sasa picha linaanza pale nilipofungua mlango." Mhusika mkuu ni steringi, awe mwanamume au mwanamke. Mbaya wake ni adui, na nyuma ya maadui yupo bosi. Kwa maneno hayo matatu unaweza kusimulia filamu yoyote iliyowahi kutengenezwa Bombay, Hong Kong au Hollywood.

Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilisimuliwa kuliko ilivyotazamwa. Hakimu anamfukuza mkewe mjamzito kwa tuhuma ya uongo. Mtoto anazaliwa mtaani, anafundishwa na jambazi, anakuwa mwizi, na mwishoni anasimama kizimbani mbele ya baba asiyemjua. Hakimu aliamini mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na jambazi akahakikisha mtoto wa hakimu anakuwa mwizi. Pwani ilikuwa na methali yake juu ya jambo hilo, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kwa hiyo kisa kilifika kama mtu wa nyumbani aliyevaa nguo za ugenini. Kilichowafurahisha wasikilizaji zaidi, pale msimuliaji alipokuwa na habari kamili, ni kwamba yule hakimu aliigizwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj. Baba wa kweli anamkana mwana wa kweli!

Lakini kama kuna picha iliyokaa Kisarawe ikajenga, ni Mother India ya 1957. Nargis ndiye Radha, bibi arusi aliyekuta shamba la familia limefungwa kwenye deni la Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji. Mume anakatika mikono yote miwili chini ya jiwe kubwa walipokuwa wakisafisha shamba jipya, na kwa aibu ya kutokuwa na mikono anaondoka usiku asirudi. Mafuriko yanakuja. Ng'ombe hakuna. Radha anajifunga jembe la kukokotwa mabegani mwake mwenyewe na kulivuta kwenye matope, watoto wakimfuata. Nimewahi kumwona mama mmoja mtu mzima akiisimulia sehemu hiyo: alisimama, akavuta kanga yake kiunoni, akaipitisha begani kama kamba, akainama na kupiga hatua tatu nzito kwenye uwanja wa nyumba yake. Wajukuu walinyamaza. Hakuwa anajua Kihindi hata neno moja, na picha zile hazikuwa na maandishi ya Kiswahili. Alikuwa anajua deni, na alikuwa anajua udongo uliolowa.

Mwisho wa picha ile ni mgumu. Birju, mtoto mtundu wa Radha ambaye Sunil Dutt alimwigiza, anageuka jambazi, anamuua Sukhilala na kumteka binti yake siku ya harusi. Mama anachukua bunduki na kumpiga mwanawe risasi, kisha anamkumbatia. Hapo wasikilizaji hugawanyika, na wamegawanyika hivyo tangu bibi zao. Wapo wanaosema heshima ya binti wa mwenzio ni ya kijiji kizima, na mama alifanya lililo sawa. Wapo wanaosema hakuna mama wa hivyo. Msimuliaji mzuri hakuwapatanisha. Aliongeza tu kwamba mwaka uliofuata, nje ya picha, Nargis aliolewa na Sunil Dutt, na watu wakaondoka wakishika vichwa.

Kwa Kibaha njia ilikuwa tofauti kidogo. Mji huo ulikua upesi katika miaka ya 1960 kwa sababu ya mradi wa nchi za Nordiki, uliojenga sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima, na kukabidhiwa kwa serikali mwaka 1970 kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Vijana walikuja kutoka mikoa yote. Jakaya Kikwete alisoma pale kati ya 1966 na 1969. Upande wa Kisarawe ilikuwapo Minaki, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza mwaka 1925. Aliyesoma bweni katika nchi hii anajua kinachotokea taa zikizimwa. Mmoja aliyetumia likizo yake Dar es Salaam au Tanga anaanza kwa sauti ya chini, na kitanda baada ya kitanda kinaacha kukoroma. Shule za bweni ziliisambaza sinema mbali kuliko lori lolote. Mtoto wa Sumbawanga alirudi kwao akiwa na Bruce Lee mzima kichwani, ngumi kwa ngumi, bila kuwahi kumwona.

Bruce Lee naye aliacha tatizo ambalo bwenini halijatatuliwa. Sheria ya kwanza ya watoto wote ni kwamba steringi hafi. Ila katika Fist of Fury ya 1972, mwishoni, amezingirwa na wenye bunduki. Anakimbia, anaruka kuwavamia, na picha inaganda akiwa hewani, huku milio ya risasi ikisikika. Amekufa au hajafa? Wa kwanza kusimulia alisema amekufa, akapigwa mito. Wa pili akasema picha imegandishwa makusudi ili asife. Naye Bruce Lee mwenyewe alifariki Julai 1973, akiwa na miaka 32, kabla Enter the Dragon haijatoka. Basi kila picha yake iliyoletwa huku baada ya hapo ilikuwa ya marehemu anayeruka, na watoto wakashika neno la yule wa pili.

Serikali ilikuwa na wasiwasi na mambo haya. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na wazee wengi walilaumu sinema. Hata suruali za pekosi zilizofuata, pana chini kama kengele, zilibeba jina la kauboi. Mwaka huo huo ilianzishwa Kampuni ya Filamu Tanzania, na katikati ya miaka ya 1970 ikatoa Fimbo ya Mnyonge, kisa cha kijana anayekimbilia Dar es Salaam, mji unamshinda, na wokovu wake unapatikana katika kijiji cha ujamaa. Ukiitazama kwa makini ni Muhogo Mchungu tena, miaka zaidi ya 20 baadaye, safari hii kijana akiwa ameonyeshwa njia ya kurudi. Ilikuja wakati watu wa Pwani wenyewe walikuwa wanahamishiwa vijijini, na si wote kwa hiari. Nadhani ndiyo sababu, pamoja na ufundi wake, haikusimuliwa jioni kama Mother India. Watu husimulia kilichowagusa kwa hiari yao.

Televisheni ilichelewa. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini bara tulisubiri hadi 1994. Kabla ya hapo, milango ya biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, ziliingia deki za video, na kwa mara ya kwanza Maili Moja na Kisarawe mjini zikawa na majumba yao ya sinema. Jumba ni neno kubwa. Lilikuwa banda la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, mbao ndefu zimelazwa juu ya matofali, televisheni moja ya inchi chache imepandishwa juu ya meza iliyopandishwa juu ya meza nyingine. Mlangoni kuna ubao: picha ya ngumi saa nane, ya Kihindi saa kumi. Watu wakaliita kibanda umiza, na aliyekaa juu ya mbao zile saa tatu za Sholay hahitaji kuelezwa kwa nini.

Mwenye banda alikuwa fundi pia. Mkanda ukianza kutoa chenga, alifunua kifuniko cha deki, akachovya pamba kwenye spiriti, akafuta hedi taratibu kama anayesafisha jicho la mtoto. Mkanda ukiliwa, aliuvuta nje mita nzima, akakata palipokunjamana, akaunga kwa selotepu na kuuzungusha kwa kalamu. Kila ukataji uliondoa sekunde kadhaa. Kwa hiyo mkanda uliopendwa sana ulikuwa mfupi kuliko mwingine, na palipokatwa watazamaji wa zamani walijaza wenyewe kwa sauti: "Hapa alimpiga teke yule mwenye kofia!"

Zama hizo ndizo zilizotuachia Rambo. Sylvester Stallone aliingia kwenye Kiswahili kwa mlango ambao hakuna mwigizaji mwingine aliyeupitia: mfuko wa plastiki. "Nitilie kwenye rambo," mama alimwambia muuza nyanya, na hakuna aliyefikiria Vietnam. Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini. Jina lake bado linasikika sokoni.

Na hapo ndipo aliporudi mtu wa katikati. Ndani ya vibanda, kisha kwenye mikanda na CD zilizouzwa nchi nzima, zilisikika sauti za watafsiri, na mkubwa wao alikuwa Lufufu. Hakutafsiri maneno peke yake. Alieleza tabia, alionya, alitania, alimpa adui dhambi ambazo mwandishi wa Marekani hakuzifikiria, na picha ya kigeni ikatoka kwake ikiwa imevaa msuli. Baadaye alikuja DJ Mark na wengine. Kenya wakawa na DJ Afro, Uganda wakawa na watu wao wa kazi hiyo hiyo. Wasomi wengi waliwadharau. Mimi naona walikuwa ndugu wa yule aliyerudi kutoka Ilala na picha kichwani, ila wao walipata kipaza sauti. Walipoifikia Titanic ya mwaka 1997, nchi ilikuwa haijamaliza kulia kwa MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu wetu. Watu walioangalia ile meli ikisimama wima kabla ya kwenda chini hawakuwa wanaangalia maafa ya Wazungu.

Kisha tukapata mastaa ambao hawakuhitaji mtafsiri. Steven Kanumba alitokea Kaole, kikundi cha michezo ya televisheni, akavuka hadi Nigeria na Dar 2 Lagos ya 2006, na kwa miaka sita hapakuwa na banda, saluni wala basi ambalo uso wake haukuwamo. Alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28. Siku ya mazishi, viwanja vya Leaders, Kinondoni, vilifurika hadi watu wakazimia. Baada ya hapo vibanda umiza vingi viligeukia mpira wa Uingereza, na leo nyumbani watu wanatazama tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Picha huku, Kiswahili kule.

Lakini sinema ya zamani ina jumba moja lililobaki, na linapita Kibaha kila siku. Basi la bara likishatoka Mbezi Luis, likaiacha Kiluvya na kuikaribia Maili Moja, kondakta husimama, akajishikiza kwa mkono mmoja, wa pili akachomeka flashi kwenye skrini iliyo juu ya dereva. Mwezi uliopita nilikuwa kiti cha dirishani. Alitokea King Majuto, kanzu yake ikiwa imeshikwa mkononi, akikimbia mtu tusiyemwona bado. Mzee Amri Athumani wa Tanga alifariki Agosti 2018, siku chache baada ya Kisarawe kupata mkuu wake mpya wa wilaya. Bibi mmoja upande wa pili alianza kucheka kabla Majuto hajasema chochote, akaweka kikapu chini.

"Bibi," mjukuu wake akamvuta ushungi, "huyu si alikufa?"

"Alikufa, baba. Nyamaza utazame. Sasa hivi anadondokea mtaroni."